Chupa ya Jumapili

Mboni binti Mwinyijuma alisema hivi. Siku ya Jumatano, alfajiri, adhana bado, alisikia mlio kwa jirani yake Semeni. Tu, tu, tu. Kama mtu anayeponda kitu kibichi na wala hana haraka. Akajitupia kanga, akaenda hadi kwenye ua wa makuti, akachungulia. Semeni alikuwa ameinama, mchi mkononi, na kando yake kikapu kimejaa majani mabichi. Mboni akarudi zake ndani. Kulipokucha alishuka kijitoni na ndoo yake, akakuta maji yamekuwa meupe kwa povu, na samaki wanaelea matumbo juu, mikizi na chaa na hongwe, na wengine aliokuwa amekwisha kuwasahau majina kwa sababu siku nyingi hawakuonekana. Ndipo akapiga ukelele: Semeni katia utupa, sumu ya majani!

Maneno hayo yaliandikwa Bomani, Mboni akayatia dole gumba.

Eliudi Shemweta aliyasoma mara mbili, akapanda baiskeli yake Ijumaa asubuhi kutoka Usagara, mjini Tanga, akaifuata barabara ya Pangani hadi kijiji cha Mikokoni. Alikuwa askari kanzu, ndiyo kusema polisi asiyevaa sare. Siku hiyo alivaa shati jeupe na kaptula ya kaki, watu wakamdhania karani wa posta. Mkuu wake alikuwa amempa mpaka Jumatatu. Saa tatu ya Jumatatu Semeni angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kutia sumu kijitoni. Akionekana na hatia ni jela miezi sita, mwanamke wa miaka sitini. Tena mashimo ya makumbi ya kijiji kizima yangefukiwa, kwa maana Kampuni ya mkonge ilikuwa imeandika kwamba mashimo yale ni uchafu na ndimo sumu inamofichwa.

Kwa mtu asiyeyajua mashimo hayo: wanawake wa Mikokoni walikuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye tope la chumvi, wanayaacha miezi sita, kisha wanayatoa na kuyapiga mpaka nyuzi zijitenge, wakasokota kamba. Kitanda gani cha pwani hakikuwambwa kwa kamba ile? Harufu yake ilikuwa kali, lakini watoto walikua nayo, na aliyesafiri akirudi aliinusa tangu njia panda akajua amefika kwao.

Mboni alimkaribisha barazani, akamwekea kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kwa lile?"

"Kwa lile lile. Nataka unisaidie kidogo tu. Ule mlio uliousikia, ulikuwa wa ndani ya kinu, au wa juu ya gogo?"

Mboni akamtazama. "Mlio ni mlio."

"Kinu huitika, mama. Ukitwanga kinuni sauti inatoka tumboni. Gogo haliitiki."

Vidole vya Mboni vikaanza kugonga ubao wa baraza, kwanza hivi, kisha hivi, kama mtu anayejaribu wimbo wa zamani.

"Gogo," akasema mwisho.

"Na makumbi hupigwa juu ya nini?"

"Gogo. Zamani tulikuwa tukipiga wanawake ishirini pamoja, gogo moja refu, na nyimbo juu yake. Mume akiwa mchoyo alikuwa akiimbwa pale mpaka anaona haya kupita." Akacheka, kisha akakumbuka anaongea na nani. "Lakini majani je? Majani niliyaona!"

"Nitayauliza. Sasa samaki. Siku za nyuma hapa mkitia utupa mlifanyaje?"

"Si siku hizi, baba, usiniandike! Zamani. Inapulizwa mbiu, kijiji kizima kinateremka na tenga na vikapu. Samaki wa utupa amelewa tu, unamwokota huku anakutazama. Tulikuwa tukila siku tatu, wa kukausha anakausha."

"Na Jumatano uliokota wangapi?"

"Jumatano?" Mboni akakunja uso. "Nani akaokote wale? Wananuka katani! Hata paka wangu, mwizi yule, alimnusa mmoja akampa mgongo."

Mboni mwenyewe ndiye aliyelisikia neno lake, akaushika mdomo.

"Mama Mboni," Eliudi akasema taratibu, "nani alikwambia ni utupa?"

"Hapana aliyeniambia. Ni ile sinema." Akaonyesha kidole upande wa uwanja. "Kampuni huja na gari lake kila mwezi, wanatundika shuka jeupe, wanatuonyesha. Mambo ya inzi, mambo ya kunawa, mazuri tu. Na moja inaonyesha kijiji, samaki wamekufa, mzee anaponda majani. Bwana wa sinema akatuambia: mkiona samaki wameelea na maji yamegeuka meupe, huo ndio utupa, mje mseme. Basi nilipoona, nikasema." Akashika pindo la kanga. "Mimi na Semeni tumechezwa unyago siku moja, baba. Sikumsingizia. Nilisema nilichofundishwa."

*

Semeni alikuwa rumande, nyuma ya kituo, amekaa juu ya mkeka na mikono mapajani. Mikono ile haikuzoea kukaa bure. Vidole vya kulia vilikuwa vikienda mbele na nyuma juu ya paja, vinasokota kamba isiyokuwepo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Msambaa anayeniulizia kwa watu?"

"Ndiye mimi."

"Habari zinafika humu kabla ya chai. Kaa basi, usinisimamie kama mkungu."

Eliudi akakaa chini. Akamuuliza habari ya kikapu cha majani.

"Matembele!" Semeni akasema. "Mchana nile nini, makumbi? Niliyachuma jioni yake. Mwambie Mboni kama aliyatamani angegonga, ningempa."

"Mbona ulipiga makumbi alfajiri?"

"Makumbi hupigwa yangali na maji yake. Jua likiyapata yanakuwa kama ndevu za Mgiriki. Nani asiyelijua hilo?"

Eliudi akafungua bahasha, akatoa kipande cha kamba kirefu kama mkono. Kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye gunia. Gunia lenyewe lilikuwa limejaa majani ya utupa, nalo ndilo mnyapara wa Kampuni alilolitoa katika shimo la Semeni mbele ya watu.

Semeni hakukigusa kwa haraka. Alikitazama kwanza, kisha akakichukua, akakifumua ncha, akakinusa, akakilamba.

"Hii kamba ya katani. Ya mashine."

"Ndiyo."

"Mwanangu, mimi nimesokota kamba tangu sijavunja ungo. Vitanda vya maharusi wa Mikokoni wote wa rika la binti yangu, kamba ni yangu. Watu wa Ushongo walikuwa wakija kwa miguu kuzitaka, kabla hawajaanza kununua hizi nyeupe dukani. Leo nifunge gunia langu kwa katani? Ni kama wewe upeleke mahindi kwenu milimani ukiwa umeyanunua mjini."

"Hakimu atasema ulikuwa na haraka, ukashika kilichokuwa karibu."

"Basi mwambie hakimu hivi. Katani haipendani na chumvi. Iweke kwenye tope la shimo siku kumi, inakuwa nyeusi, na ukiivuta inakatika kama tambi. Kamba ya makumbi kadiri inavyokaa chumvini ndivyo inavyokaza. Hii tazama, nyeupe, hata mafuta ya mashine bado yamo. Ililala shimoni usiku mmoja, au miwili."

Eliudi akaandika. Semeni alimtazama akiandika.

"Liandike na hili. Utupa hutiwa wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mbali ikaacha vidimbwi. Samaki wamefungiwa, wanalewa. Jumatano ilikuwa maji mafu. Bahari haikupwi sana wala haijai sana, kijito kimejaa muda wote. Utie utupa mle, ni kutia chumvi baharini. Mtu aliyeniwekea lile gunia si mtu wa pwani."

"Na samaki walikufa kwa nini?"

"Kwa kuwa yalikuwa maji mafu! Bahari haikuja kuosha. Povu la korona lilikaa."

Korona ni ile mashine ya kukamua mkonge. Kampuni ilikuwa imeleta mpya, kubwa, mwanzoni mwa mwaka ule wa hamsini na tano, na maji yake ya kijani yalikuwa yakishuka moja kwa moja kijitoni.

Eliudi akafunga daftari. Alipofika mlangoni Semeni akamwita.

"Msambaa. Kitanda chako kimewambwa kwa nini?"

"Katani," Eliudi akasema.

Semeni akatikisa kichwa, akarudi kusokota paja lake.

*

Jumamosi asubuhi alimkuta Zebedayo, mnyapara mkuu, amesimama kando ya reli ya matroli. Matita ya mkonge yalikuwa yakipita, korona inanguruma mpaka meno yanatetemeka. Chini ya korona mfereji ulikuwa ukitoka na povu jingi kama la beseni la dobi.

"Karibu, bwana mkubwa wa kanzu," Zebedayo akasema kwa sauti ya juu. Alikuwa Mbondei wa Muheza, kofia ya jua kichwani, filimbi shingoni. "Msambaa katoka kwenye ndizi zake kaja kutufundisha habari za samaki!"

"Nifundishe wewe, kaka. Lile gunia ulilipataje?"

"Nilipeleleza. Kazi yenu naiweza. Nilichoma mti kwenye shimo la yule kikongwe, ukagota. Nikavuta, gunia."

"Lilikuwa limezama?"

"Limezama kabisa! Tope mpaka hapa."

"Kwa hiyo liliwekwa siku nyingi."

Zebedayo akaona njia nyeupe mbele yake, akaifuata. "Nyingi sana. Mwezi, au zaidi. Yule mama mzoefu. Alikuwa akichota kidogo kidogo."

"Mwezi."

"Hata kuapa naapa."

"Majani yalikuwa mabichi, kaka."

Zebedayo akacheka kidogo. "Tope baridi. Linahifadhi."

"Na kamba?"

"Kamba imefanya nini?"

Eliudi akachukua kipande cha katani kilichoanguka kutoka kwenye troli, akakiviringisha kidoleni, akakiweka mfukoni pamoja na kile kingine. Vilifanana rangi, vilifanana harufu. Zebedayo alifuata mkono ule mpaka mfukoni. Filimbi aliyokuwa akiichezea ikamtoka kidoleni.

"Sikiliza," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Watu mia saba wanakula kwenye hii mashine. Timu ya mpira ni yake, zahanati ni yake, hata beni ya Sikukuu ngoma zake tumenunuliwa na wao. Wewe mama mmoja wa makumbi unamtakia nini?"

"Nani alikwambia uchome mti kwenye shimo la Semeni na si la mwingine?"

Zebedayo akatia filimbi mdomoni, akaipiga kwa nguvu ingawa hapakuwa na aliyekosea, akaondoka zake.

*

Kamba ingeweza kuliondoa gunia. Isingeweza kuondoa cheti.

Mchana ule, katika chumba cha majalada Bomani, Eliudi alipanga mezani vyeti saba, cha kila mwezi tangu mashine mpya ianze. Kila kimoja kilisema maji ya kijito cha Mikokoni yamepimwa nayo ni safi, hayadhuru mtu, mnyama wala samaki. Juu ya hivyo ndipo mashtaka yalipojengwa: maji ni safi, samaki wamekufa, basi ni utupa. Bwana Afya alikuwa ametia saini chini. Juu ilikuwapo saini ya mtu aliyeteka maji: Rafaeli Komba.

Kanuni yenyewe ilibandikwa ndani ya jalada. Maji yatakayokubaliwa mbele ya sheria ni yale tu yaliyotekwa na mtu wa Kampuni aliyefundishwa, katika chupa ya Kampuni yenye lakiri, ile nta ya muhuri, na kuandikwa kwa mkono wake. Kanuni hiyo haikutungwa Tanga wala Dar es Salaam. Kampuni ilikuja nayo kutoka kwao, katika kitabu chenye jalada la kijani, na serikali ikaigongea muhuri kama ilivyo, kwa kuwa yenyewe haikuwa na kitabu chake.

Eliudi alisoma tarehe. Tarehe ya mwezi wa nne ilimsimamisha. Siku ile aliikumbuka, aliimba kwaya tangu asubuhi. Ilikuwa Pasaka.

Akatoa kalenda ya Kilutheri aliyokuwa akiiweka ndani ya Biblia yake, akashuka nayo cheti kwa cheti, kidole juu ya tarehe. Jumapili. Jumapili. Pasaka. Jumapili. Jumapili. Jumapili. Jumapili.

Korona ilikuwa ikizimwa Jumamosi adhuhuri mpaka Jumatatu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na cheti cha mwezi ule kilikuwa bado.

*

Rafaeli Komba alifika kijitoni saa nne, ametoka misa, amevaa suti ya kaki, viatu mkononi. Alikuwa mtu wa Songea, mwembamba, mwandiko wake mzuri kuliko wa makarani wengi. Alikuwa na kisanduku cha mbao kilichogawanywa vyumba viwili, na katika kila chumba chupa moja ya kioo iliyofungwa. Alipomwona Eliudi amekaa juu ya jiwe hakushtuka. Ni kama mtu aliyekuwa akimngoja mgeni aliyechelewa.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema kwa mazoea.

"Milele, amina. Endelea na kazi, ndugu. Nataka kuona tu."

Rafaeli akakunja suruali, akaingia mpaka magotini. Maji yalikuwa maangavu kama ya kunywa, mchanga unaonekana. Bahari ilikuwa imeanza kupata nguvu, imekwisha osha mara mbili. Akafungua chupa moja, akateka, akafunga, akaandika.

"Chupa ya pili ya nini?"

"Ya akiba. Isije moja ikavunjika njiani. Ndivyo kitabu kinavyotaka."

"Imewahi kuvunjika?"

"Mimi sivunji vitu."

"Kwa nini Jumapili?"

"Ndiyo siku niliyopangiwa."

"Kwako kunywa mnatumia maji haya?"

Rafaeli alitoka majini, akakaa kwenye jiwe la pili, akaanza kujifuta miguu kwa leso. "Mke wangu Praxeda anateka kisima cha juu, kule kwenye mwembe wa Wagiriki. Mbali. Anarudi kichwa kinamuuma." Akatazama kijito. "Tulipofika hapa, mwaka wa arobaini na tisa, tulikuwa hatuna mtoto. Jumapili tukitoka misa tunakuja hapa hapa, kwenye haya mawe. Yeye anafunga kanga mbili, mimi ncha hii, yeye ile, tunakokota. Vidagaa, na kaa wadogo wa buluu. Mama mmoja wa hapa alituona tunacheka, wageni hatujui lolote, akatupa nazi na kutuonyesha mwamba wa kuvulia. Akampa Praxeda kamba ya kitanda, ya makumbi. Ndiyo tunayolalia mpaka leo."

"Mama gani?"

Rafaeli akavaa kiatu kimoja. Hakuvaa cha pili.

"Unajua ni mama gani," akasema.

Eliudi hakuliandika hilo. Daftari lilibaki mfukoni.

"Kesho saa tatu atasimama mbele ya hakimu," akasema. "Nina kamba, gunia naweza kulivunja. Nina Mboni, atasema samaki walinuka katani. Lakini hakimu ataniuliza, cheti kinasemaje? Nami nikiyateka maji mwenyewe, hata nikijaza pipa, kanuni inasema si maji. Maji ni yale unayoteka wewe, kwa chupa hizi, kwa mkono wako."

"Najua kanuni. Mimi ndiye niliyeifasiri kwa Kiswahili."

"Haisemi Jumapili. Nimeisoma yote. Haitaji siku."

Nyumba ya Rafaeli ilikuwa ya Kampuni, bati na sakafu ya saruji. Watoto wake wawili walikuwa katika shule ya Kampuni. Kutoka Tanga mpaka Songea ni siku tisa kwa gari, na watu wa kwao walikuwa wakirudi kwa miguu.

"Kesho korona inawashwa saa kumi na mbili," Eliudi akasema. "Saa moja povu limefika hapa. Baiskeli yangu itakuwa pale chini ya mnazi, mpaka mjini ni mwendo wa saa moja na nusu." Akanyoosha mkono, akaitoa chupa ya akiba kutoka katika kisanduku. Lakiri yake ilikuwa nzima. Akaiweka juu ya jiwe, katikati yao. "Kaka Rafaeli. Utaijaza?"

Ng'ambo ya kijito wanawake wawili walikuwa wameshuka kwenye mashimo, wanafunua mawe kuona kama makumbi yamekwisha lainika. Mmoja alikuwa Mboni. Harufu ikavuka maji, ile kali ya zamani.

Rafaeli alishikilia kiatu chake mkononi, akiitazama ile chupa tupu.